Matabishi ya Kadi

Wiki ya tatu tangu Goma ianguke, nyumbani kwa Paluku pale Bel-Air, mjini Lubumbashi, hakuna aliyekuwa akimaliza chakula chake. Bukari, ugali wa huko, ilipikwa, ikawekwa mezani, ikapoa. Geneviève, mke wake, alizunguka kutwa na simu mkononi kutoka jikoni hadi uani, akitafuta pembe ambayo réseau, mtandao wa simu, haikatiki, maana binti yao Olive alikuwa Kampala na sauti yake ilifika kwa vipande vipande.

Olive alikuwa mwanafunzi Goma. Mabomu yalipoanza kudondoka mtaani kwao alivuka mpaka na wenzake, begi la shule mgongoni na ndara miguuni, akafuata msururu wa watu mpaka akajikuta Kampala. Huko alipokelewa na mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu wa kwao Paluku, baba mzima mwenye duka, ambaye mkewe alikuwa amebaki nyumbani. "Mutoto iko salama," Paluku aliwaambia wote waliouliza. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka iwe.

Mwenyewe alikuwa hana mbele wala nyuma. Malori yake mawili yalikwama upande wa vita, na hakuna aliyejua kama bado yana magurudumu. Akaunti yake aliifungua Goma ujanani, akaiacha huko kwa mapenzi ya kwao tu, na sasa banki za Goma zilikuwa zimefunga milango. Kadi yake, iliyowahi kulipa viwanda vya Guangzhou na maduka ya Dubai, ilikataliwa mbele ya watu alipotaka kununua gunia la unga. Msichana wa kaunta aliipitisha mara ya pili, akaifuta kwa pindo la blauzi yake, akaipitisha tena, kisha akamrudishia bila kumtazama usoni. Paluku aliacha gunia pale pale, akatoka kama mtu aliyekumbuka jambo la haraka.

Kilichobaki kilikuwa points. Kila mara kadi ilipolipa, watu wa kadi huko Ulaya walimwekea points, na points zikifika kiasi fulani zinageuka tiketi ya ndege. Vita havikuzigusa, kwani hazikuwa ndani ya banki ya Goma. Geneviève ndiye aliyejua kuzifungua kwenye simu, maana Paluku hakuwa na subira na mambo ya kubonyeza. Zilitosha mtu mmoja, kutoka Entebbe hadi Lubumbashi, njia moja. Baada ya hapo zisingenunua hata chupa ya soda.

Ingekuwa rahisi kama zingekuwa zake peke yake. Lakini wenzake wa soko hawakuwa na kadi. Walimletea dola mkononi, yeye akawalipia mali zao ng'ambo kwa kadi yake, na kwa namna hiyo points zilimiminika kwa jasho la watu wengi. Mwanzoni kabisa mtu mmoja alimuuliza hizi points ni nini. Paluku alicheka, akasema ni matabishi. Lubumbashi nzima inajua matabishi: ni kile kiganja cha muchele au nyanya moja ambayo mama wa soko anakuongezea juu ya kipimo ukishamlipa. Wenzake walilipenda neno hilo. Walipokutana naye walimtania, wakimuuliza matabishi yao yamenenepa kiasi gani, naye alijibu kwa utani vilevile, bila kujua kwamba anajifunga kamba.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Laurentine.

Aliuza vitenge soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi wenye jina hilo. Alikuwa mjane, Mkatoliki wa misa za asubuhi, mtoto wa watu wa reli waliotoka Kabalo, na kati ya wote waliolipia mali kwa kadi ya Paluku yeye ndiye aliyelipia mara nyingi zaidi. Mwanawe Paulin alikuwa mwalimu wa hesabu Goma. Kipande cha bomu kilimwingia pajani, watu wa parokia wakambeba hadi ng'ambo ya mpaka, na sasa alikuwa amelazwa Kampala, hospitali moja ambayo kila siku inadai kitu.

Laurentine alivua viatu mlangoni. Geneviève alimwonyesha kochi, lakini mgeni akachagua kiti cha mbao. Alimwuliza Paluku habari za Olive kwanza, akasikiliza jibu lote, akashukuru Mungu. Kisha akatazama mikono yake.

"Papa Olive, docteur anasema Paulin hawezi kuikala mu bus. Ile kyuma iko bado mu paja. Anasema paka ndeke."

Ndege tu, basi. Paluku alisema pole. Akaeleza habari ya malori, ya akaunti, ya kadi. Laurentine alizijua zote, hata zake mwenyewe zilikuwa humo, maana dola zake za mwisho zilikuwa zimeingia kwenye akaunti ile siku chache kabla ya vita. Hakuzitaja.

"Nasikia matabishi iko bado," alisema.

Paluku alijikohoza. Alisema jambo hilo si la mtu mmoja, ni la wote, na kwamba Jumapili wangekutana kwenye dépôt yake, ghala la mali, walizungumze. Laurentine akakubali, akavaa viatu vyake, akaondoka kwa miguu ingawa jua lilikuwa kali. Geneviève alisimama dirishani akimwangalia mpaka alipopinda kona. Alimhurumia kwa moyo wote, na wakati uleule aliomba kimoyomoyo asirudi tena.

Alasiri hiyo Olive alipiga simu. Aliongea chini chini, na mara hii réseau haikuwa na kosa. Alisema mwenye nyumba ameanza kuja mlangoni mwa chumba chake jioni kuuliza kama amelala vizuri, hata kabla hajalala. Jana alikuja na bisibisi, akang'oa komeo la ndani, akasema limeshika kutu na ataleta jipya. Leo hakuleta jipya.

Geneviève alimwambia asogeze kitanda nyuma ya mlango. Alimwambia pia asimjibu yule baba vibaya, amwite papa, papa, kila mara, ili akumbuke umri wake. Baada ya simu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa jikoni. Mume wake alikuwa sebuleni, hatua chache tu, naye hakuenda kumwambia. Alimjua. Paluku angempigia yule mtu simu, angefoka, angetaja ukoo na heshima, na jioni hiyohiyo mtoto angelala barabarani. Au angekataa kuamini, kwa kuwa ni mtu wa kwao. Na likishatoka mdomoni, neno hilo lingefika sokoni, na sokoni hakuna ambaye angeuliza kama komeo lilirudishwa au la. Wangesema tu Olive alikaa kwa mwanamume Kampala.

*

Jumapili, baada ya misa kwa wengine na ibada kwa wengine, watu walijaa dépôt ya Paluku. Kulikuwa na nafasi ya kutosha siku hizi, kwa kuwa mali haikuwepo. Waliketi juu ya mbao tupu zilizobeba marobota zamani. Léonard, mkubwa wa chama chao cha wafanyabiashara, wengi wao watu wa Kivu, mtu mpole mwenye desturi ya kufumba macho anaposikiliza, alifungua kwa sala, akaombea Goma, akaombea Bukavu, akaombea barabara zote.

Kisha kila mtu alisema lake. Mmoja alikuwa na mama mzazi Sake, na hajui yuko wapi. Mwingine alikuwa na wadogo zake Bukavu. Jeannot, muuza viatu, alikumbusha kwamba matabishi hayo si mara ya kwanza kuliwa, maana miaka minne iliyopita Paluku alipanda nayo ndege kwenda Dubai, na wao walipata biskuti. Watu walicheka. Paluku naye alicheka, ila masikio yalimwaka moto. Biskuti zile alikuwa amezinunua kwa moyo mweupe, akapita duka kwa duka kuzigawa, na leo zilikuwa zimegeuka ushahidi.

Alijitetea. Alisema kadi ina jina lake, na watu wa kadi wanamjua yeye tu. Alisema kama kungekuwa na deni, lingekuwa lake. Alikuwa anasema kweli, lakini aliisema haraka mno, na hakuna aliyeitikia kwa kichwa. Ndipo Laurentine, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akaomba ruhusa. Katika mkutano ule alikuwa mgeni kidogo, mwanamke mmoja kati ya wachache, na si mtu wa Kivu.

"Mi nauliza paka kintu kimoja. Natuma mutoto ku soko na feza yangu, aniletee muchele. Mama wa soko anamutilia matabishi. Ile matabishi ni ya nani?"

"Inategemea mutoto mwenyewe," Jeannot alitania.

Hakuna aliyecheka safari hii. Léonard alifumbua macho, akamgeukia Paluku. "Papa Paluku, hatukukulazimisha. Ni weye mwenyewe ulisema ile ni matabishi."

Paluku alitazama sakafu. Kama angewaambia tangu mwanzo kwamba points ni faida ya kadi, ujira wake, au neno lolote la Kifaransa ambalo hakuna angejali kulielewa, leo angekuwa na pa kusimama. Lakini alikuwa amewapa neno la soko, na kwa neno la soko jibu lilikuwa moja, hata yeye utotoni mama yake alikuwa akimpokonya karanga za nyongeza mlangoni.

"Ni ya mwenye feza," alisema.

Aliinua kichwa, akaona nyuso zote zinamtazama. Jambo fulani likapanda kifuani mwake, aibu na kiburi kwa pamoja. Alisimama. Alisema mtoto wake ana miguu yake miwili, atatafutiwa njia, lakini Paulin ana mmoja tu, basi Paulin ndiye atakayepanda ndege. "Miye Paluku nimesema," akamalizia, akajigonga kifua.

Watu walimpa mkono mmoja mmoja. Jeannot alimkumbatia. Laurentine alimshika mikono yote miwili akainamisha kichwa juu yake, na machozi yake yakamlowesha vidole. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya lile gunia la unga Paluku kutembea akiwa amenyoosha mgongo. Heshima ile ilimlewesha, naye hakuwa na kingine cha kumlewesha siku zile. Njia nzima ya kurudi Bel-Air hakumfikiria Olive.

*

Alimkuta Geneviève chumbani kwa Olive, anatandika kitanda kwa shuka za kupigwa pasi. Alimweleza mkutano wote, akianzia sala ya Léonard. Alipofika penye mikono ya Laurentine aliinua yake mwenyewe amwonyeshe. Geneviève aliendelea kuchomeka shuka chini ya godoro.

"Tiketi nilishakata," alisema. "Ya Olive. Saa ile mulikuwa mu réunion."

Paluku alidhani hakusikia. Akamwambia airudishe. Geneviève alisema points hazirudi, imeandikwa hapo, na jina halibadiliki. Paluku alimwuliza kama amerukwa na akili. Alimwambia amempa mjane ahadi mbele ya watu wote. Alimwambia maneno mengine pia ambayo hakuwahi kumwambia katika ndoa yao yote, naye Geneviève alisimama akayapokea, mto kifuani, mpaka yakamwishia mumewe.

Kisha akamwambia habari ya komeo.

Paluku aliketi kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa. "Lakini ule ni muntu wa kwetu," alisema.

"Njo ule, yeye mwenyewe."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Sasa nimekuambia. Utafanya nini?"

Geneviève aliketi kando yake, akamshika goti. Alisema waende kwa Mama Paulin sasa hivi, kabla jua halijazama, na yeye mwenyewe ndiye atakayesema. Alisema Laurentine ni mama, ana masikio ya mama. Atalia, atawatukana pengine, lakini atajua mapema, na pengine chama kitachanga, pengine parokia itasaidia, mtu hawezi kujua.

Hapo ndipo mambo yangeweza kwenda njia nyingine, na ni Paluku aliyekataa. Hakuogopa machozi ya Laurentine. Aliogopa uso wa Léonard, na kicheko cha Jeannot, na kuitwa mtu aliyekula neno lake siku ileile aliyolisema. Aliogopa pia jina la binti yake midomoni mwa watu, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli, akaishika mbele kufunika zile nyingine.

"Tutasema banki ilifunga hata points," alisema. "Nani atakatala? Banki yote ya Goma ilifungwa."

Geneviève alisema hapana. Alisema hapana tena jioni, na asubuhi alipomwona mumewe anavaa shati safi kwenda sokoni hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kupata alichokitaka, na jambo hilo lilimfunga mdomo.

*

Laurentine alikuwa anakunja vitenge alivyomfunulia mteja ambaye hakununua. Alipomwona Paluku anakuja alisimama, akapangusa kiti kwa khanga yake. Paluku hakuketi. Alisema alichokuja kusema: kwamba asubuhi walifungua simu kukata tiketi, wakakuta points zimefungwa, kwamba mambo yote ya Goma yamefungwa, mpaka vita viishe. Alisema pole mara nyingi.

Mama yule aliendelea kukunja kitenge, upana kwa upana, akakilaza juu ya vingine, akakisawazisha kwa kiganja.

"Vita ni vita, Papa Olive. Haiko makosa yako. Weye ulinipa neno lako, na Mungu aliliona." Alimgusa bega. Yeye ndiye aliyekuwa akimfariji. Kisha akauliza, "Na Olive? Atafika namna gani?"

"Na bus," Paluku alisema. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

Uso wa Laurentine ulifunguka. Alisema basi Mungu hakuwaacha, watoto wapande bus moja, kwani Olive anamjua Paulin tangu utoto, atamsaidia na ule mguu, atamnunulia maji, atamshikia begi mipakani. Alikuwa tayari anatafuta simu yake kwenye kifurushi ampigie mwanawe.

"Olive alishaondoka," Paluku alisema. "Jana."

Laurentine alisimamisha mkono. Akasema haya, si kitu, njia ni moja, mtoto akifika salama na mwenziwe atafika salama. Paluku alitoa noti chache mfukoni, zote alizokuwa nazo, amchangie nauli ya Paulin. Laurentine alimfunga vidole juu ya noti zile, akazirudisha, akasema Olive ataingia na njaa, awekewe nyama.

Siku hiyohiyo aliuza mahali pake pa soko, meza na mabati na jirani zake wote, kwa mwanamke wa Kipushi aliyekuwa akipatamani siku nyingi. Fedha zikaenda Kampala kwa simu. Daktari hakutaka kumwachia Paulin. Alimfanya atie sahihi kwamba anaondoka kwa hiari yake, akamfunga paja upya, akampa vidonge, na wauguzi wawili wakampandisha kwenye bus ya kupitia Tanzania, kiti cha mbele ili anyooshe mguu.

*

Olive alikuwa amefika tayari. Alitoka uwanja wa ndege wa Luano na lile begi lake la shule, amekonda, na alipomwona mama yake hakulia, alimwuliza tu kama chumba chake bado kina ufunguo. Kwenye teksi Paluku aliketi mbele. Alingoja mpaka walipopita kizuizi, kisha akageuka, akamwambia kwamba yeye Olive alikuja na bus.

"Bus gani, papa?"

Akamweleza. Hakumweleza yote. Alimwambia kuna watu wenye shida kubwa zaidi ambao wangeumia kujua, na kwamba ni kwa ajili ya heshima yake yeye Olive. Binti alimgeukia mama yake, naye mama alikuwa anatazama mahindi ya kando ya barabara. Nyumbani Paluku alimfungia ndani, mapazia yamevutwa, mpaka zipite siku ambazo bus ingezichukua. Siku hizo alimfundisha njia, kwa majina aliyoyapata kwa madereva wa malori, akamrudisha nyuma kila alipokosea kama katekista: Mutukula, Kahama, Mbeya, Tunduma, Nakonde, Kapiri. Olive aliyashika. Alikuwa na akili ya kushika. Usiku alilala na ufunguo chini ya shavu.

Paluku alipotangaza kwamba mtoto kaingia, Laurentine alipiga simu kumshukuru Mungu pamoja nao. Alisema atakuja kumwona wakija wote wawili, Paulin naye yuko njiani, jana alikuwa Kahama, sauti yake ina homa kidogo lakini anacheka.

Paulin hakufika Tunduma akiwa hai. Paja lilivimba, likabadilika rangi, na abiria wa nyuma walianza kulalamika harufu. Kondakta alimpa viti viwili alale. Saa za asubuhi mtu alimwona hafukuzi tena nzi. Tunduma polisi walimshusha, wakapiga namba ya mwisho kwenye simu yake, ambayo ilikuwa ya mama yake, na mtu mmoja akamweleza kwa Kiswahili safi cha huko, kwa adabu, kwamba marehemu hawezi kuvushwa mipaka bila karatasi na gharama, na joto ni kali. Padri wa huko alimzika. Walimtumia picha ya msalaba wa mbao wenye jina lililokosewa herufi.

*

Kilio kilifanyika uani kwa Laurentine, Kenya, bila maiti. Wanaume waliketi nje kwenye viti vya kukodi, kuzunguka mbabula, jiko la makaa. Wanawake walijaa ndani, kwenye mikeka, na mbele yao ilisimamishwa picha ya Paulin aliyopigwa siku ya kupata diploma. Ni kitu kigumu kulia mtu ambaye hayupo. Wimbo ulianza, ukazimika. Watu hawakujua waelekeze macho wapi.

Familia ya Paluku haikuweza kukosa. Paluku alipokelewa na Léonard, akapewa kiti karibu naye, na Jeannot akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wote wanajua alijaribu. Geneviève na Olive waliingia ndani. Geneviève alimpigia Laurentine magoti, akataka kusema. Alikuwa ameamua, njia nzima alikuwa ameamua, lakini Laurentine alimwinua akiwa bado hajapata neno la kuanzia, akamwuliza, "Huyu njo Olive?"

Alimvuta binti kwenye mkeka, akamketisha ubavuni pake, akamshika mkono. Siku tatu hakuwa amekula wala hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa makavu.

"Weye ulipita ile njia, mwana wangu. Hapa hakuna mwingine mwenye aliipita. Uniambie."

Olive alimtafuta mama yake kwa macho. Geneviève alikuwa ameziba uso kwa kitenge. Kwa mlango uliokuwa wazi baba yake alionekana, kichwa kimeinama juu ya moto, na kwa jinsi alivyoacha kuzungumza na Léonard ilijulikana anasikia.

"Bus inasimamaka?" Laurentine aliuliza. "Muntu akitaka kunyoosha muguu?"

"Inasimamaka, mama."

"Bantu ba mule bako na roho? Muntu akisema iko na kiu?"

"Banamupa mayi," Olive alisema. "Kuko bamama banauzisha ndizi ku dirisha. Ukikosa feza banakupa tu." Aliendelea, kwa sababu mkono ule ulikuwa umemkaza na kumngoja. Alisema mchana kuna joto lakini jioni unaingia upepo. Alisema karibu na Mbeya kuna milima, ni kijani, inapendeza. Alisema abiria wanaimba. Kila alipotaja mji wanawake walisogea karibu, wakanyamazishana, na mmoja akamwita dada yake aliyekuwa jikoni aje asikie.

"Na kule Tunduma," Laurentine alisema. "Pale alilala. Udongo iko namna gani?"

Olive alikuwa na jina tu la Tunduma, hakuna kingine.

"Nyekundu, mama. Sawa ya huku."

Laurentine aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Kisha machozi yakamjia, ya kwanza tangu ile simu, na baada ya kulia alijilaza pale pale kwenye mkeka, kichwa mapajani kwa Olive, akasinzia. Wanawake walishusha pumzi. Geneviève aligusa bega la binti yake, akamwashiria kwamba waondoke, giza linaingia.

Lakini mama mmoja mzee wa parokia alimzuia kwa mkono. Alisema mtoto asisogee, aendelee kukaa hivyohivyo, kwa maana Laurentine akiamka atataka aambiwe tena.